Bando linaliwa usiku: maneno ya fundi simu kwenye mkutano wa vijana

Asalaam aleikum, bwana asifiwe, wazee shikamooni, vijana mambo vipi. Naomba mnivumilie, mi sijazoea maiki, nimezoea bisibisi.

Niseme mapema mi sio mwanasheria wala mtu wa siasa. Mi fundi simu, nimekaa Kariakoo tangu enzi za Nokia ya tochi, na kama kuna aina ya simu imepita Dar es Salaam miaka yote hii basi ndugu yake nimeshaifungua. Waliponipigia nije kuongea kuhusu serikali kusikiliza mawasiliano ya watu, na faragha, na siasa za dunia, nikawaambia mmekosea namba. Wakasema hapana fundi, tunakutaka wewe maana wewe ndo unaona. Na kweli naona. Hilo neno faragha lenyewe huku kwetu ukilitamka mtu anafikiria chumbani, ila mi kwa kazi yangu nimeelewa faragha ni nini bila kusoma kitabu.

Mteja akileta simu kubadili kioo lazima nimwombe patani ili nijaribu tachi. Hapo ndo utamjua mtu. Kuna anayeitaja patani alafu anasimama juu ya bega langu kama mlinzi wa benki mpaka nimalize. Kuna dada anatoa laini na memori kadi kwanza anazifunga kwenye pindo la kanga. Kuna mzee mmoja, mtu wa heshima kabisa, msikitini anakaa safu ya mbele, alikaa na mimi juani saa tatu nzima kusubiri kazi ambayo watu wengine wanaacha simu wanaenda kula. Sikumuuliza na sitamuuliza. Sasa hao hao wote ukiwagusia habari ya serikali kusikiliza simu jibu lao ni moja tu, waache wasikilize, mi sina cha kuficha. Unacho bana. Unacho mzee wangu na wala sio dhambi. Ni deni ambalo mkeo halijui, ni majibu ya hospitali, ni sauti ya mtoto aliyefariki umeitunza mle ndani hutaki mtu aibonyeze kwa bahati mbaya akaiskiliza huku anatafuna karanga. Hicho ndo cha kuficha.

Sasa nikiri jambo moja, na humu ndani anayelijua ni mke wangu tu, yuko pale nyuma ameshaanza kunitolea macho. Mwaka 2015 alikuja bwana mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akanivuta pembeni. Fundi, hii simu ya mama watoto, nimemwambia naileta irekebishwe sehemu ya chaji, nataka kila meseji inayoingia huku niione kwangu. Elfu hamsini. Mi mwezi ule kodi ya fremu inanidai, nikaweka. Haikufika hata dakika ishirini, apu inakaa, inajificha, haina hata ikoni, simu ukiitazama ni ile ile. Akalipa akaondoka zake.

Baada ya wiki kama tatu dada mwenyewe akaja. Kaka fundi, hii simu mbona hivi, naichaji usiku kucha, ikifika saa nne asubuhi imezima, na bando ndo sielewi kabisa, naweka la wiki linakaa siku mbili, usiku nimelala linaliwa na nani?

Nilijua linaliwa na nani. Nikaishika ile simu nikaigeuzageuza kama daktari, nikamwambia betri imechoka dada. Nikamuuzia betri, elfu kumi na tano. Yaani nimekula kwa mume nimekula na kwa mke.

Alichokuwa anaficha nimekuja kukisikia kwa mume wake, kaja dukani anacheka, kumbe mwenzangu anacheza vikoba kimya kimya, ameshafikisha laki saba, anataka kumnunulia mama yake kiwanja Kisarawe. Hakuna mwanaume mwingine, hakuna nini. Hela bwana akaichukua, akasema kwenye nyumba yangu hakuna siri. Mi nikacheka naye. Nilicheka, ndo ukweli, maana mteja akicheka unacheka.

Mkitaka nichukieni, mna haki. Ila nimeileta hii kwa sababu Januari 2018 nikiwa nimekaa pale pale dukani nikasikia habari ya Addis Ababa, bisibisi ikanidondoka.

Mnajua makao makuu ya Umoja wa Afrika pale Addis. Jengo la dola milioni 200, Wachina wametujengea zawadi, likafunguliwa Januari 2012, viongozi wetu wote wakapiga picha. Gazeti la Ufaransa, Le Monde, likaja kuandika kwamba Januari 2017 mafundi wa kompyuta wa mle ndani waligundua seva zinakuwa bize kuliko muda wote kati ya saa sita usiku na saa nane, muda ambao jengo limebaki na walinzi tu. Sasa nani yuko kazini? Wakafuatilia wakakuta data zinanakiliwa kwenda Shanghai, na gazeti likasema hali ilikuwa hivyo kila usiku kwa miaka mitano, tangu utepe umekatwa. China ikakataa, ikasema ni upuuzi mtupu. Viongozi wa Umoja nao hadharani wakasema hamna kitu kama hicho. Ila gazeti hilo hilo likaandika kwamba Umoja ulienda kununua seva zake wenyewe, na Wachina walipojitolea kuja kuziseti wakaambiwa asanteni msijisumbue.

Bando linaliwa usiku jamani! Dalili ni ile ile moja, ya simu ya mama wa vikoba na ya jengo la bara zima. Na jibu la hadharani ni lile lile, betri imechoka dada.

Mwaka ule mwenyekiti wa Umoja alikuwa Rais Kagame, waandishi wakamuuliza. Akajibu kwamba hadhani kama mle kuna jambo linafanyika ambalo wasingependa watu walijue, alafu akaongeza kwamba anachosikitikia ni Afrika kutojijengea jengo lake yenyewe. Hiyo ya pili nampa maksi zote. Hiyo ya kwanza ni wateja wangu watupu, mi sina cha kuficha. Kisha Julai 2021 zikatoka zile habari za Pegasus, programu ya kampuni ya Israel inaitwa NSO, inaingia kwenye simu hata kama hujabonyeza kitu, inasoma meseji, inawasha maiki, inawasha kamera. Waandishi wakapata orodha ya namba zaidi ya 50,000, na mle ikaonekana namba ya Rais Ramaphosa wa Afrika Kusini, wakasema inaelekea aliyeichagua ni Rwanda. Rwanda ikakana, ikasema haina hiyo teknolojia. Na kuwemo kwenye orodha sio lazima uwe umeingiliwa, niwe mkweli hapo. Lakini Macron wa Ufaransa naye namba yake imo, waandishi wa habari wamo, mawakili wamo. Novemba mwaka ule Marekani ikaipiga NSO marufuku ya biashara, na Desemba ikasikika kwamba simu za wafanyakazi wa wizara yao ya mambo ya nje wanaoshughulika na Uganda zimekutwa na mdudu huyo huyo. NSO wanafanya kazi niliyoifanya mimi kwa elfu hamsini, tofauti wao hawahitaji simu iletwe mezani.

Sasa hapa kijiweni kila nikiongelea haya watu wanagawanyika kama Simba na Yanga. Huyu anasema bora Mchina hana unafiki, yule anasema bora Mmarekani kwao kuna mahakama. Ugomvi mpaka chai inapoa. Mi nawaambia nyie mnashabikia timu ambayo hata jezi haijawahi kuwauzia.

Tuchukue Marekani. Juni 2013 kijana wa miaka 29, Edward Snowden, alikuwa anafanya kazi za shirika lao la kusikiliza dunia, NSA, pale Hawaii, akachukua nyaraka akakimbilia Hong Kong akawapa waandishi. Habari ya kwanza kutoka ilikuwa amri ya mahakama ya siri kwamba kampuni ya simu ya Verizon ikabidhi kila siku rekodi za simu za wateja wake wote, nani kampigia nani, saa ngapi, wameongea dakika ngapi. Maneno yenyewe hapana, hizo rekodi tu. Watu wakasema ah, si rekodi tu. Aliyewahi kuwa mkuu wa NSA, Jenerali Michael Hayden, mwaka uliofuata akakiri mbele ya watu kwamba wanaua watu kwa kutegemea hizo rekodi. Mi fundi nakwambia usidharau rekodi. Nikiona umempigia mtu wa maabara, ukampigia dada yako dakika arobaini usiku wa manane, alafu asubuhi ukampigia mwajiri, mi sihitaji kusikia mlichoongea.

Marekani nzima ikawaka. Bunge likakaa, 2015 wakapitisha sheria ya kuzuia ule ukusanyaji wa jumla, 2020 mahakama ya rufaa ikasema ulikuwa kinyume cha sheria. Safi kabisa, hongera zao. Lakini sikilizeni walichokuwa wanabishania. Walikuwa wanabishania haki ya Mmarekani. Mei 2014 kwenye nyaraka hizo hizo za Snowden ikatoka habari ya mpango mwingine unaitwa MYSTIC, wa kukusanya rekodi za simu za nchi nzima nzima, na kati ya nchi zilizotajwa ni Kenya hapo jirani. Je, bunge lao lilikaa kwa ajili ya Mkenya? Nani alikaa? Kwenye sheria zao kuna mtu anaitwa mgeni aliye nje ya nchi, na huyo anasikilizwa bila hakimu kusaini kibali cha jina lake. Huyo mgeni ni mimi na wewe na shangazi yako Mombasa. Na usidhani China au Urusi au Ufaransa wana sheria inayokulinda wewe wa Mbagala, kote huko wewe ni mgeni. Hilo ndo limenileta hapa leo, mengine yote ni hadithi za kulizungushia.

Hata marafiki wao ni wageni. Oktoba 2013 ikajulikana simu ya Chansela Merkel wa Ujerumani nayo ilikuwa inalengwa, mama akasema kupelelezana kati ya marafiki hakufai kabisa. Huyu mama amekulia Ujerumani Mashariki, enzi zile Ujerumani imegawanyika nchi mbili, anajua utamu wa kusikilizwa. Watu wakamwonea huruma, kumbe 2015 ikatoka kwamba majasusi wake mwenyewe walikuwa wanawasaidia NSA kuwasikiliza jirani zao wa Ulaya. Na hiyo haikuanza juzi. Kulikuwa na kampuni Uswisi, jimbo la Zug, inaitwa Crypto AG, inauza mashine za kufunga siri, serikali inaandika ujumbe kwa balozi wake, mashine inaukoroga, anayeudaka njiani haelewi. Zaidi ya nchi 120 zilinunua kwa miaka mingi, zikiwemo za kwetu Afrika, Libya, Misri, maana Uswisi haina upande, Uswisi ni mwaminifu, saa yake haichelewi. Februari 2020 ikafichuka kwamba tangu 1970 wenye kampuni kwa siri walikuwa ni CIA ya Marekani na majasusi wa Ujerumani Magharibi. Mashine zilikuwa zimechezewa kiwandani. Yaani umenunua kufuli, fundi kufuli amebaki na ufunguo, na bili umelipa wewe.

Kuna muuzaji wao mmoja, Hans Bühler, ndo ananiuma roho. 1992 alikamatwa Iran, wakamweka ndani miezi tisa wanamhoji mashine zako zina nini, na maskini alikuwa hajui chochote. Kampuni ikalipa dola milioni moja akatoka, alafu ikamfukuza kazi na kumdai ile hela. Mi kila nikiuza betri nampa Hans salamu.

Na sisi wa pande hizi tuna kipande chetu kwenye ugomvi wa Wajerumani. 1964 baada ya mapinduzi, Ujerumani Mashariki ilikuja Zanzibar kwa nguvu zote, yale majumba ya Kikwajuni ni yao. Pamoja na saruji wakaja watu wa Stasi, idara yao ya usalama, kufundisha usalama wa pale. Markus Wolf, mkuu wao wa ujasusi wa nje, alitia mguu mwenyewe kisiwani mwaka ule. Hao Stasi kwao kufikia 1989 walikuwa na waajiriwa kama 91,000 kwenye nchi ya watu milioni 16, hapo hujahesabu majirani waliokuwa wanaripoti majirani, na mafaili yao ukiyapanga yanafika kilomita 111, Dar mpaka Chalinze. Walikuwa wanahifadhi hadi harufu za watu kwenye chupa! Haya, Ujerumani Magharibi ikanuna, ikamwambia Nyerere hao wa Mashariki wasipewe nafasi. 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi, Mwalimu akasema basi ondoeni na huo mwingine uliobaki. Mi kwa jibu lile nampenda mzee mpaka kesho, alikataa kuchaguliwa rafiki. Ila na mimi nina swali langu dogo. Kwenye kuchagua huko, kuna mtu alimuuliza mama wa Kikwajuni kama anataka walimu wa Stasi?

Tena afadhali zamani mwenye kusikiliza alikuwa na sura. Mjumbe wa nyumba kumi ulikuwa unamjua, unajua ana wivu na nani, mwanao akioa unampelekea sahani ya pilau, ukigombana naye mnasuluhishwa na wazee. Huyu wa sasa utampelekea pilau wapi?

Najua kuna mzee hapo mbele anataka kunyoosha mkono aniulize, na magaidi je? Swali zuri na silikimbii. Agosti 7, 1998, mi nilikuwa mtoto wa shule, tulisikia mshindo wa ubalozi wa Marekani. Dar walikufa watu 11, Nairobi 213. Hakuna mtu mwenye akili atasema serikali isiwasikilize watu wanaopanga vile. Wasikilizwe. Lakini hebu tuangalie hiyo kesi yenyewe maana wengi hawaijui. Kiongozi mmoja wa kundi la al-Qaeda pale Nairobi, Wadih el-Hage, Wamarekani walikuwa wanasikiliza simu zake za Nairobi tangu Agosti 1996, mwaka mzima, na Agosti 1997 nyumba yake ikapekuliwa, kompyuta ikachukuliwa. Walikuwa wanasikia, na mwaka mmoja baadaye bomu likalipuka. Kwahiyo kusikia kitu kimoja, kuelewa ni kitu kingine.

Na kuna jambo lingine mle, hili ndo lilinikosesha usingizi nilipolisoma. El-Hage alikuwa na uraia wa Marekani. Kesi ilipofika New York mawakili wake wakasema mlimsikiliza bila kibali cha jaji, majaji wakakaa, wakaandika kurasa na kurasa, ilifika mpaka mahakama ya rufaa 2008, na mwisho alishindwa, lakini alijadiliwa. Sasa fikiria upande wa pili wa zile simu. Mwenye duka, jirani, dereva, mtu amempigia kumdai hela ya mayai. Simu ile ile, sekunde ile ile, waya mmoja. Huyu wa huku kibali chake kimejadiliwa na majaji kwa sababu ana pasi ya bluu, yule wa mayai hayumo hata kwenye sentensi. Na hapo ni Nairobi, kwao, sio New York.

Kwahiyo mtu akiniuliza nipo upande wa nani, wa Marekani au wa China, namjibu nitafutie kwanza upande ambao mwenye mayai yumo. Sheria pekee inayoweza kumtaja ni ya kwake mwenyewe.

Kwetu tumeandika. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake na unyumba wake, na pia heshima na hifadhi ya maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Kiswahili kizuri hicho, hakihitaji mkalimani. Tuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023. Upande mwingine wa mzani laini zetu zote zimefungwa na kidole. Mnakumbuka ile heka heka, mwisho ilikuwa Desemba 31, 2019 ikasogezwa hadi Januari 20, 2020, foleni za namba ya NIDA watu wanalala nje na mablanketi. Siipingi moja kwa moja ile, matapeli wa tuma kwenye namba hii wamewaliza wengi. Lakini tuseme ukweli, vidole tumetoa na matapeli bado wanatuma. Mi ninao wateja wamebonyeza *106# wakakuta laini nne ambazo hawazijui zinasoma jina lao, kumbe siku ile wakala alimwambia rudia kidole hakijasoma. Sasa siku laini ile ikitumika kwenye uhalifu, rekodi inakutaja wewe, na rekodi huwa haibishani.

Wenzetu Kenya nawaonea wivu kwa kitu kimoja, wanaenda mahakamani. Huduma Namba, ile namba yao ya utambulisho wa kila mtu, ilipoanza 2019 ilitaka mpaka DNA na ramani ya unapokaa, watu wakashtaki, Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia hayo mawili na kusema mfumo usiendelee bila kanuni za kueleweka. Serikali ikaja na kadi, wakashtaki tena, Oktoba 2021 jaji akasema mmeigawa bila kupima kwanza athari kwa taarifa za watu, ni batili. 2023 ikaja ile ya kupigwa picha ya mboni ya jicho, Worldcoin, watu wamejaa kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC Nairobi kwa hela ya kama shilingi elfu saba za kwao, serikali ikasimamisha, na 2025 mahakama ikaamuru data zile zifutwe. Hapa kwetu anayekuja kichwani ni Maxence Melo wa JamiiForums, lile jukwaa la mtandaoni, Desemba 2016 aliingia rumande kwa sababu hakutaka kuwataja watumiaji wake. Mtu mmoja. Mi ningependa wawe wengi kidogo, tena wawemo na wa fremu za mita mbili kwa mbili.

Maana hata dukani kwangu siasa za dunia zinafika. Mwaka jana walikuja jamaa wawili, wamevaa vizuri, wana simu ambayo sio yao, wanataka niitoe loku haraka. Mmoja akapitisha kitambulisho mbele ya uso wangu kama anafukuza nzi. Nikawaambia wakubwa zangu karatasi ya mahakama iko wapi. Wakatazamana. Mmoja akacheka akasema we fundi au jaji? Nikasema mi fundi, ndo maana naomba karatasi. Miguu ilikuwa inatetemeka chini ya meza, nisiwadanganye, na kijana wangu wa kazi alikuwa ameshahamia duka la tatu. Wakaondoka na simu yao. Huenda waliipeleka kwa jirani, sijui, jirani naye ana kodi.

Ninachokitaka ni hiyo karatasi tu. Serikali yangu inataka kunisikiliza, sawa, iende kwa hakimu ieleze kwanini, isainiwe, iwe na tarehe ya kwisha, na nikionekana sina kosa niambiwe siku moja kwamba tulikusikiliza kuanzia tarehe hii mpaka hii. Na mashine ya kufanyia hiyo kazi ikinunuliwa, iwe ya Israel au ya China au ya wapi, bunge lijue imenunuliwa na nani amebaki na ufunguo. Mtaniambia fundi unaota. Wajerumani wa Mashariki Januari 1990 walivamia makao ya Stasi wenyewe, sasa hivi mtu anaenda anaomba faili lake analisoma, anakuta aliyekuwa anamripoti ni shemeji yake. Na mimi ningelitaka langu, hata kama nitamkuta shemeji.

Yule dada wa vikoba nilimtafuta. Ile habari ya Addis ilipotoka nilikaa siku mbili alafu nikapiga ile namba niliyokuwa nimeiandika kwenye daftari la wateja, haipatikani. Nikaenda mpaka mtaa waliokuwa wanakaa nikaambiwa walishahama, wengine wanasema wameachana. Apu ile siku hizi siweki kwa mtu yeyote hata aje na laki tano, wamekuja wengi, wanaume kwa wanawake, na wazazi pia. Laki saba yake sijawahi kuirudisha maana sijui nimpe nani.

Haya, naona mshika saa ananikonyeza. Maswali tuanze na wewe kaka wa shati la kijani. Na mwenye simu inayokula bando usiku asinipe hapa mbele za watu, aje nayo dukani kesho. Ila aje mwenye simu mwenyewe.